Je, Wajua? Chama Kinapokaribishwa Serikalini Kikasema Hapana

Je, wajua kwamba mwanasiasa anaweza kupata kura 117 za ndiyo na 174 za hapana, na bado akatoka bungeni akiwa waziri mkuu mteule? Ndivyo ilivyokuwa Stockholm tarehe 24 Novemba 2021, Bunge la Sweden lilipompigia kura Magdalena Andersson. Bunge lile lina viti 349, na kwa katiba yao mgombea hahitaji wengi wamtake. Inatosha wengi wasimkatae. Ili aanguke zilihitajika kura 175 za hapana, zikapatikana 174. Wabunge 57 hawakumtaka wala hawakumkataa, na kimya chao ndicho kilichompitisha.

Siku yenyewe haikuisha salama. Saa chache baadaye bajeti ya wapinzani iliishinda ya kwake, na chama cha Kijani, ambacho kingekuwa mshirika wake, kikajitoa. Andersson akajiuzulu kabla hajakabidhiwa ofisi. Tarehe 29 akarudi bungeni kuomba upya, safari hii akapata ndiyo 101 tu dhidi ya hapana 173. Akapita tena. Kijani walikuwa miongoni mwa waliojizuia kupiga kura ili apite. Hawakuwa tayari kutekeleza bajeti iliyoandikwa kwa mkono wa Sweden Democrats, chama kinachopinga uhamiaji, lakini pia hawakutaka mtu mwingine yeyote aongoze.

Katika siasa zetu, chama kikinyooshewa mkono na walioko madarakani swali la kwanza kijiweni ni "wizara ngapi?" Kukataa huonekana ama ni ukaidi, ama ni kupandisha bei. Mara nyingine ni kupandisha bei kweli. Lakini Kaare Strøm, mtaalamu wa siasa kutoka Norway, alipochapisha mwaka 1990 utafiti wake juu ya serikali za kibunge za baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuta takriban theluthi moja ya serikali hizo hazikuwa na wabunge walio wengi. Yaani katika kila serikali ya namna hiyo palikuwa na vyama ambavyo vingeweza kuziba pengo, na havikuziba. Strøm alitaja sababu mbili ambazo sijaona nyingine za kuzishinda. Chama hukaa nje pale kinapoweza kugusa sheria kikiwa hukohuko nje, hasa kupitia kamati za bunge. Na hukaa nje pale kinapoona kwamba wapiga kura wataiadhibu serikali, na adhabu hiyo itamwangukia mshirika mdogo kwanza.

Na je, wajua kwamba mdogo ndiye huumia zaidi? Waulize Waliberali wa Uingereza. Mwaka 2010 Liberal Democrats waliingia serikalini na Conservatives wakiwa na wabunge 57. Miaka mitano baadaye walibaki 8. Mwaka 1974 Waziri Mkuu Edward Heath alikuwa amewakaribisha wazee wao, waliokuwa na wabunge 14 na kura karibu milioni 6. Jeremy Thorpe, kiongozi wao, alikwenda kuongea na Heath, akataka mfumo wa uchaguzi ubadilishwe, na alipoona hapati ahadi ya maana akabaki nje. Heath akafungasha virago Downing Street. Kwa hesabu ya viti peke yake, Thorpe alikuwa na akili kuliko warithi wake.

Ujerumani ndiko kisa hiki kilikojirudia hadi kikawa kama mtihani uliofanywa mara mbili na mwanafunzi yuleyule. Mwaka 2009 chama cha FDP kilipata asilimia 14.6, idadi ambayo hakikuwahi kuifikia, kikaingia serikalini na Angela Merkel. Mwaka 2013 kikaambulia asilimia 4.8. Ujerumani chama kisichofika asilimia 5 kwa kawaida hakipati kiti cha mgawanyo wa kura, hivyo FDP ikatoka bungeni kabisa kwa mara ya kwanza tangu 1949. Christian Lindner akakipokea chama kikiwa mahututi, akakirudisha bungeni mwaka 2017 kwa asilimia 10.7. Na mara tu walipofika, Merkel huyo huyo akawaita mezani, pamoja na chama cha Kijani cha huko. Wakazungumza kwa wiki kadhaa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba Lindner akatoka nje mbele ya kamera, akasema kwamba heri kutotawala kuliko kutawala vibaya, akaenda zake.

Alitukanwa sana kwa hilo. Wajerumani hupenda serikali iundwe bila vituko, na mwanasiasa anayebomoa mazungumzo huonekana mtoto. Lakini aliyekumbuka 2013 alimwelewa. Mwaka 2021 FDP walipata asilimia 11.5, wakaingia katika serikali ya Olaf Scholz, Lindner akawa waziri wa fedha, Scholz akamfukuza kazi Novemba 2024, na Februari 2025 chama kikapata asilimia 4.3. Nje tena. Walikataa mara moja wakabaki bungeni. Walikubali mara mbili, na mara zote mbili wakafutwa.

Je, wajua nani aliyenufaika zaidi na neno "hapana" katika Ulaya ya karne hii? Kwa maoni yangu ni Giorgia Meloni. Februari 2021 Italia ilikuwa katikati ya janga la Korona, na Rais Sergio Mattarella akamwita Mario Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, aunde serikali ya kila mtu. Wakaingia karibu wote: wa kushoto, wa kati, Lega ya Matteo Salvini, hata vuguvugu la Nyota Tano lililozaliwa kwa kuwatukana wanasiasa. Meloni akabaki nje na chama chake cha Fratelli d'Italia, ambacho uchaguzi wa 2018 kilikuwa kimepata asilimia 4 na ushei tu.

Kilichofuata si cha majukwaani pekee. Sheria ya Italia inataka kamati ya bunge inayosimamia idara za usalama iongozwe na mpinzani. Sasa mpinzani mwenye uzito alikuwa mmoja tu, kwa hiyo baada ya mvutano Lega ikaachia kiti hicho, na Juni 2021 akakikalia Adolfo Urso wa Fratelli d'Italia. Kila aliyekasirishwa na chanjo ya lazima, na bei ya umeme, na chochote kile, alikuwa na anwani moja kubwa ya kupeleka hasira yake. Septemba 2022 Meloni akapata asilimia 26. Lega, iliyokuwa na zaidi ya 17 mwaka 2018, ikashuka chini ya 9. Oktoba akaapishwa kuwa waziri mkuu, na Salvini akaingia katika baraza lake kama mshirika mdogo.

Mtu angeweza kusoma hayo akadhani kanuni ni nyepesi: kaa nje, uvune. Hapo ndipo Wadenmark wanapoharibu hesabu.

Denmark, kama Sweden, serikali huishi mradi wengi hawajaiangusha. Chama cha Watu wa Denmark, kilichoanzishwa 1995 na Pia Kjærsgaard, kilifanya mfumo huo kuwa karakana yake. Kuanzia 2001 hadi 2011 kiliziunga mkono serikali za mrengo wa kulia bila kuchukua hata wizara moja. Mwisho wa kila mwaka bajeti ilipohitaji kura, wao walikuja na orodha yao ya masharti. Sheria za uhamiaji zikakazwa, ikiwemo ile ya 2002 iliyotaka wanandoa wote wawili wawe wametimiza miaka 24 kabla ya mmoja kumleta mwenzake kutoka nje. Wizara ilikuwa ya wengine na lawama za wengine, lakini kalamu ilikuwa yao. Kura zao zikapanda kidogo kidogo, kutoka asilimia 12 hadi karibu 14.

Kisha mwaka 2015 wakapata asilimia 21.1 na viti 37. Wakawa chama kikubwa kuliko vyote upande wa kulia, wakakipita hata chama cha Lars Løkke Rasmussen kilichokuwa na viti 34. Kila mtu akasubiri waingie. Wakakataa! Løkke akaunda serikali ya viti 34 katika bunge la viti 179, nao wakakaa pembeni kama zamani. Wapiga kura hawakuelewa. Chama kidogo kikisema "sisi tutawasukuma kutoka nje" watu husikiliza. Kikubwa kikisema hivyo, watu huuliza kinaogopa nini. Wakati huohuo chama cha Social Democrats kikaichukua sera ya uhamiaji ya Chama cha Watu kikaifanya yake. Mwaka 2019 Chama cha Watu wa Denmark kikapata asilimia 8.7. Mwaka 2022, asilimia 2.6.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti ambayo wachambuzi wengi huipita haraka. Meloni alikuwa nje kweli: hakuipigia Draghi kura ya imani, hakuisaidia kupita. Wadenmark walikuwa nje kwa viti lakini ndani kwa kura. Na aliye nusu nje, siku mambo yakiharibika, hana wizara ya kujivunia wala usafi wa kujitetea nao. Ureno ilitokea hivyohivyo. Kuanzia 2015 vyama viwili vya mrengo wa kushoto, Bloco na Wakomunisti, viliishikilia serikali ya António Costa bila kuingia ndani. Vilipoikataa bajeti Oktoba 2021, uchaguzi ukaitishwa, Costa akapata wingi wake mwenyewe, Bloco ikatoka viti 19 hadi 5 na kambi ya Wakomunisti 12 hadi 6. Kanada, NDP walisaini mkataba wa kuiunga mkono serikali ya Justin Trudeau mwaka 2022, wakapata huduma ya meno kwa wasio na bima. Mwaka 2025 wakabaki na viti 7, pungufu ya 12 vinavyohitajika ili kutambuliwa rasmi kama chama bungeni.

India wana historia ndefu zaidi ya uungaji mkono wa kutoka nje, na huko aliyeumia mara nyingi ni yule aliyeungwa mkono. Charan Singh aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 28 Julai 1979 kwa ahadi ya Indira Gandhi kwamba Congress yake itampigia kura bila kudai wizara. Tarehe 20 Agosti, siku ya kura ya imani, ahadi ikaondolewa. Singh akajiuzulu, na akawa waziri mkuu ambaye hakuwahi kusimama mbele ya bunge akiwa na cheo hicho. Mwaka 1991 Chandra Shekhar, aliyekuwa akishikiliwa na Congress ya Rajiv Gandhi kwa njia ileile, aliondoka baada ya Congress kulalamika kwamba askari wawili wa Haryana wameonekana wakichungulia nyumba ya Rajiv. Askari wawili, na serikali ya nchi ya watu zaidi ya milioni 800 ikaanguka.

Lakini "hapana" inayozungumzwa zaidi India ni ya 1996. Muungano wa vyama vya kambi ya tatu, visivyo Congress wala BJP, ulimtaka Jyoti Basu, waziri kiongozi wa Bengali Magharibi tangu 1977, awe waziri mkuu. Hakuna Mkomunisti aliyewahi kukaribia kiti hicho. Kamati Kuu ya chama chake, CPI(M), ikakaa, ikapiga kura, ikakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba chama chenye viti 32 hakiwezi kuelekeza sera za nchi, kitabeba lawama tu. Basu akatii, akarudi Kolkata kuendelea na kazi, na baadaye akasema hadharani kwamba chama kilifanya kosa la kihistoria. H. D. Deve Gowda akakalia kiti kile. Ninavyoona, kamati haikukosea hesabu ya viti. Ilikosea kudhani kwamba nafasi kama ile hurudi.

Je, wajua kwamba kuna waliotaka kuendesha wizara bila kuwa mawaziri? Israel, chama cha kidini cha Agudat Yisrael kilikuwa na waziri katika serikali za mwanzo, kikatoka 1952 kwa kupinga wanawake kulazimishwa utumishi wa taifa. Tangu hapo marabi wake wakaona kwamba waziri hubeba dhamana ya kila uamuzi wa baraza, hata ule unaovunja sheria za dini. Suluhu? Mtu wao akawa naibu waziri katika wizara isiyo na waziri. Kwenye karatasi wizara ilikuwa ya waziri mkuu, kiutendaji ilikuwa ya naibu. Yaakov Litzman wa chama hicho aliiendesha wizara ya afya kwa namna hiyo hadi Agosti 2015, Mahakama Kuu iliposema haiwezekani. Marabi wakatoa ruhusa, na Septemba Litzman akaapa kuwa waziri kamili.

Nchi nyingine hazingoji mwaliko. Katiba au sheria huvigawia vyama nafasi kwa uzito wa kura, na anayekataa anakataa haki yake mwenyewe. Ireland Kaskazini ni hivyo tangu makubaliano ya 1998, na mwaka 2016 vyama viwili, UUP na SDLP, viliacha wizara zao mezani vikaenda kuwa upinzani rasmi wa kwanza chini ya mfumo ule. Burundi, Katiba ya 2005 iliruhusu kila chama kilichozidi asilimia 5 ya kura kuwa na watu katika baraza la mawaziri. Afrika Kusini ya 1994 ilikuwa na kizingiti kama hicho, na hapo pana mfano ambao ningependa ufundishwe darasani.

National Party ya F. W. de Klerk, iliyokuwa na asilimia 20, iliingia katika serikali ya Nelson Mandela kwa haki yake, ikakaa miaka miwili, ikatoka katikati ya 1996. Democratic Party ya Tony Leon, yenye viti 7 tu, haikufikia kizingiti, lakini baadaye Mandela alimkaribisha Leon barazani. Leon akakataa. Uchaguzi wa 1999 chama cha Leon kikaruka kutoka chini ya asilimia 2 hadi karibu 10 kikawa upinzani rasmi, na warithi wa de Klerk wakashuka hadi asilimia 7. Mwaka 2005 chama kile kilichojenga ubaguzi wa rangi kilivunjwa, na kiongozi wake wa mwisho akawa mwanachama wa ANC. Leon na Mandela, hata hivyo, walibaki wakitaniana. Mandela aliwahi kukiita chama cha Leon cha Mickey Mouse, Leon akamjibu kwamba serikali ya Mandela ndiyo ya Goofy, na Leon alipolazwa kwa upasuaji wa moyo, mzee akafika wodini akabisha hodi akijitambulisha kuwa ni Goofy.

Wakenya wao wamevumbua namna ya kuingia na kukataa kwa pamoja. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alivunja baraza lake na kuwaingiza John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya, wote vigogo wa chama cha upinzani cha ODM. Chama kikasisitiza kwamba hakijaingia katika muungano wowote. Sababu ilikuwa na mashiko: Kenya, mkataba wa muungano ni waraka unaowasilishwa kwa Msajili wa Vyama, na waraka huo haukuwepo. Uongozi wa walio wachache bungeni ukabaki ODM, chini ya Junet Mohamed, huku wenzake wakiwa mawaziri. Makubaliano na UDA, chama cha Ruto, yalikuja kutiwa saini Machi 2025. Wiper ya Kalonzo Musyoka ilibaki nje, na bila shaka kwa Kalonzo hesabu ni ileile ya Meloni.

Na Zanzibar? Januari 1961 visiwa vilipiga kura kwa viti 22, vyama vitatu vikavigawana: ASP ikapata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Kila upande ukawabembeleza wale watatu wa ZPPP, nao wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja! Uchaguzi ukarudiwa Juni, safari hii kwa viti 23.

Nusu karne baadaye, kura ya maoni ya Julai 2010 ikapitisha kwa asilimia 66 Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Katiba ikampa mshindi wa pili nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyeshindwa na Dk. Ali Mohamed Shein kwa asilimia moja, akaapishwa. Ila wenye hekima ya kutunga sheria waliweka sharti: mshindi wa pili awe na angalau asilimia 10 ya kura za urais, la sivyo kiangaliwe chama cha pili kwa viti vya majimbo. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, CUF, chama cha Maalim, kikasusia marudio ya Machi 2016. Jina la Maalim lilibaki kwenye karatasi ya kura bila ridhaa yake. Hakuna mpinzani aliyefika asilimia 10, majimbo yakaenda CCM, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi 2020. Shein alimteua Hamad Rashid Mohamed wa ADC kuwa waziri, lakini Hamad Rashid hakuwa na kura za kukijaza kiti kile.

Uchaguzi wa 2020 Maalim, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alitangaziwa karibu asilimia 20. Chama kiliyakataa matokeo, kikashauriana na wanachama, na Desemba kikaingia serikalini. Wapo waliomlaumu. Wengine waliona kwamba miaka minne ya kiti kitupu haikuwa imempa mpinzani hata diwani mmoja. Maalim alifariki tarehe 17 Februari 2021, miezi miwili na siku chache baada ya kuapa. ACT haikujitoa. Aliyeapishwa Machi 2 kushika nafasi yake ni Othman Masoud Othman, ambaye mwaka 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, na akaondolewa katika kazi hiyo baada ya kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara za Katiba Inayopendekezwa.